Kimya cha Upande wa Pili

Makuyuni, Korogwe
Agosti 9, 1975

Mdogo wangu mpendwa Raheli,

Pokea salamu zangu na za wifi yako Grasiana, popote zitakapokukuta hapo Chanika, jikoni au kwenye cherehani. Natumaini mguu umepunguza kuuma tangu ulipoacha kuteremka bondeni kuchota maji, na kwamba mwanao Yuditha anaendelea vema na kazi yake ya ualimu. Sisi huku tu wazima kwa kiasi. Mahindi yalikuwa hafifu na nguruwe walituwahi upande wa chini wa shamba, lakini mihogo ipo, hatujalala na njaa. Nimesema "kwa kiasi" kwa sababu ambayo utaifahamu huko mbele, na nakuomba usirukie mwisho. Nakufahamu. Tangu utotoni kitabu ulikuwa unakianza kwa ukurasa wa mwisho.

Barua yako niliipata kwa mkono wa Chausiku, yule mama wa vitunguu. Niliisoma nikakasirika, wala sitakuficha. Kwamba Yuditha analia, hilo nililitarajia. Kwamba anaapa mchumba wake Simeo hawezi kutamka neno lile nililokuandikia, hilo pia ni kawaida ya msichana anayependa. Kilichoniudhi ni swali lako la mwisho, ulilolipigia na mstari chini: "Kaka, ulisikia vizuri?" Mimi niliyesomesha imla maisha yangu yote, niliyekuwa nikimsikia mtoto wa dawati la nyuma akikosea irabu, leo naulizwa na mdogo wangu kama nilisikia vizuri! Nilimsomea Grasiana barua ile kwa sauti kali. Yeye aliendelea kuchambua mboga. Nikaona kwamba na yeye yuko upande wako.

Ngoja nieleze kwa utaratibu, maana nataka barua hii umsomee Yuditha yote, na yeye hajui yaliyopita kati yangu na kijana wake.

Unakumbuka kwamba baada ya shemeji kufariki, ndugu zake waliniachia mimi, mjomba, neno la mwisho juu ya posa ya mtoto. Simeo alikuja mara ya kwanza na wazee wake kutoka Mazinde. Nilimwona kijana mwenye adabu, shikamoo yake anaitoa akiwa amevua kofia. Alisema anafanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kusindika mkonge, na jioni anapiga gitaa katika bendi ya wafanyakazi wa shamba. Nikamuuliza kama hilo gitaa ni kazi au ni mchezo. Akafikiri, akasema hawezi kueleza kwa maneno, ila akiruhusiwa ataleta kitu nikisikilize. Jibu hilo nililipenda. Mtu anayekiri kwamba hawezi kueleza ni afadhali kuliko anayeeleza asichokijua.

Mara ya pili alikuja peke yake, kabeba santuri moja kubwa aliyoifunga kwenye kanga. Aliachiwa na fundi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akirudi kwao. Ganda lake ni la zambarau, lina picha ya vijana wameketi kwenye ngazi, weupe na weusi pamoja, mmoja hana viatu. Jina la bendi limeandikwa kwa herufi zilizojikunja kama mizizi ya mti wa mvumo, hata na miwani sikulisoma. Simeo aliniambia kwamba muziki ule ni roki, lakini umechanganywa na kitu wanachokiita fanki, na kwamba upande wa pili ni wimbo mmoja tu mrefu, ambao wapigaji waliubuni papo kwa papo huku wakirekodi. Akanisihi nisikilize upande wa pili mpaka mwisho, nisiinue sindano. Alisema nikifika mwisho nitakuwa nimemfahamu.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Pale, magari ya mkonge yakipita, nikamuuliza swali ambalo mzazi yeyote angeuliza. Nilisema, bendi zinahama, leo Mazinde, kesho Tanga, keshokutwa Dar es Salaam. Wakikuita huko, Yuditha utamfanyaje? Alinijibu bila kusita. Nikamsikia akisema, "Nitamwacha." Hakutikisa hata kope. Raheli, nilishtuka, lakini nikamheshimu kwa kusema kweli. Nikamshika mkono, nikamwambia asante kwa kutonificha. Yeye akatabasamu, akapanda gari. Niliporudi nyumbani nikakuandikia ile barua ya kukataa, na ndiyo iliyoleta kilio hapo kwako.

Sasa utauliza, kama nilikwisha kumkataa, santuri niliisikiliza ya nini? Kwanza, sijawahi kumpa mwanafunzi alama bila kusoma karatasi yake. Pili, lilinikera jambo moja. Kijana anakuja na kitu chake cha thamani, kakifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga, halafu anasema kwa uso mkavu kwamba atamwacha msichana. Vitu viwili hivi havikukaa pamoja kichwani mwangu. Nikaona jibu litakuwa ndani ya santuri.

Hapo ndipo adha zilipoanza. Gramafoni ninayo, ile niliyoagwa nayo shuleni, lakini inakula betri, na betri katika duka la kijiji ni hadithi. Ukiuliza unaambiwa zimeagizwa. Ukiuliza zimeagizwa wapi unaambiwa mwalimu punguza maswali. Nilizianika zile za zamani juu ya bati ili zipate joto la jua, zikanipa nguvu ya kusikiliza kidogo, kisha waimbaji wakaanza kuvuta maneno kama walevi. Ikabidi nizianike tena. Kwa namna hiyo, kusikiliza santuri moja kulinichukua majuma.

Upande wa kwanza haukunipendeza. Magitaa yanapiga kelele, mwimbaji anaimba Kiingereza nisichokipata, na Kiingereza ninakijua. Nilimwambia Grasiana kwamba vijana wa siku hizi, hata Wazungu, hawatamki. Wanamumunya maneno. Mwisho wa kila neno unaliwa.

Lakini upande wa pili, mdogo wangu, nao ngoja nikueleze, maana uliniteka kabla haujaniudhi. Linaanza gitaa la besi peke yake, taratibu, kama mtu mzito anayepanda kilima huku anahesabu pumzi. Kisha ngoma inaingia, lakini haipigi pale unapoitegemea. Inapiga kishindo hatua ya kwanza, halafu inakuachia nafasi tupu, na mwili wako wenyewe unaijaza. Hiyo ndiyo fanki, kwa kadiri nilivyoelewa: ufundi wa kuacha nafasi. Wazigua wa hapo kwenu wakicheza ngoma ya selo utaona jambo la jamaa hiyo, mpigaji mmoja anashika mwendo asiutoke, wengine wanamzunguka. Hawa wa kwenye santuri wanapokezana hivyo hivyo. Kinanda kinauliza, gitaa linajibu, halafu gitaa linauliza na kinanda kinakataa kujibu, ngoma inawapatanisha. Hakuna aliyeandikiwa la kusema. Ni kama majirani wanaoezeka nyumba: hakuna anayetoa amri, na nyasi zinapokelewa juu bila kuanguka.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Muhidini, alikuja kuniuliza kwa uso wa kazi kama muziki ule ni wa kibepari au wa kijamaa. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, kwamba ndani yake hakuna bwana, kila mmoja anatoa kwa uwezo wake. Akasikiliza, kichwa kikaanza kumchezacheza, akasema basi ni wa kijamaa, ongeza sauti. Toka siku hiyo kila nilipofungua gramafoni uwanja ulijaa watu.

Tatizo likawa moja, na ndilo lililonitia hasira kuliko betri. Wimbo ule unapanda, unapanda, wote wanapiga kwa nguvu, halafu ghafla unakoma. Kimya. Sehemu ya santuri iliyobaki ni kubwa, nikadhani ni tupu, kama kurasa nyeupe mwishoni mwa daftari. Niliinua sindano. Nikasema moyoni, huyu ndiye Simeo: anaanza jambo vizuri, analipandisha, kisha analiacha njiani. Insha isiyo na hitimisho. Jibu langu nilikuwa nimelipata, na barua yangu kwako ilikuwa sahihi.

Lakini kila nilipoinua sindano watu walilalamika. Bi Mwaija, ambaye namfundisha katika kisomo cha watu wazima, alisema Mwalimu anatunyang'anya sahani mkono ungali kwenye ugali. Muhidini akasema, "Mwalimu, ndipo inaponoga hapo, mbona unatufanyia roho mbaya?" Niliwaona wajinga. Nikawaeleza, kwa uvumilivu, kwamba wimbo umekwisha, na kwamba mtu mstaarabu anajua kuondoka shughuli inapokwisha. Wakatazamana. Wakacheka kwa namna ambayo sikuipenda.

Na si hilo tu. Mwaka huu kila kitu kimenichosha. Katika mkutano wa kijiji nilisimama nikalaumu kwamba tangu tuhamishiwe huku na kufyeka pori ili tupange nyumba kwa mstari, tumewafukuza nyenje. Zamani jua likielekea kuzama nyenje walikuwa wanalia mpaka unaziba masikio, sasa kimya, na nchi isiyo na nyenje ni nchi iliyougua. Nilisema hayo kwa uchungu. Mkutano mzima ukaniangalia. Mzee mmoja wa nyuma alisema jambo, watu wakacheka, nami nikamwambia asimame aseme kwa kinywa kilicho wazi kama mtu mzima. Hakusimama. Niliporudi, Grasiana aliniuliza kwa upole kama kweli siwasikii nyenje. Nikamjibu kwamba mtu hawezi kusikia kisichokuwapo.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, na hapa mkono wangu unakuwa mzito.

Jumapili iliyopita, tumetoka kanisani, tumekula, nikaweka santuri. Betri zilikuwa mpya, Muhidini alizipata Mombo na hakuniambia kwa njia gani. Wimbo ukapanda, ukafika pale pa kukoma, nikanyosha mkono kuinua sindano. Grasiana akanishika kifundo cha mkono. Raheli, katika ndoa yetu yote mama huyu hajawahi kunizuia mkono mbele ya watu. Nilitaka kumkemea, nikaona kwamba hanitazami mimi, anaitazama sindano. Nikaitazama na mimi. Ilikuwa inatembea. Ilikuwa inapanda na kushuka kidogokidogo ndani ya mistari, kama inavyofanya penye muziki.

Nikainua macho. Uwanja mzima ulikuwa unacheza. Mabega ya Bi Mwaija yalikuwa yanakwenda. Muhidini alikuwa anagonga goti kwa vidole viwili. Grasiana, mkono wake mmoja umenishika, kwa kidole cha mkono wa pili alikuwa ananigongea mwendo juu ya ngozi yangu, harakaharaka, sawasawa na goti la Muhidini. Wote walikuwa wanafuata kitu kimoja, na mimi nilikuwa nimekaa katikati yao kama jiwe katika mto. Nilikuwa sisikii chochote.

Kisha, pale hasa kidole cha Grasiana kilipotua, besi na ngoma zikarudi kwa kishindo. Zilirudi mahali pake, bila kupotea hata nukta. Watu wakashangilia. Nikafahamu kwamba wimbo haukuwa umekoma. Kuna aliyebaki akiushika mwendo wakati wenzake wote wamenyamaza.

Nilimwita Grasiana ndani nikamtaka anieleze ni nini kilichokuwa kinapigwa pale kwenye kimya. Akasema ni filimbi nyembamba, iko mbali, na chini yake matoazi yanagongwa taratibu. Nikamwambia aniigizie hayo matoazi. Akasogeza uso karibu na wangu, akakutanisha meno. Niliona meno. Nilihisi pumzi ikitoka. Sauti sikuipata. Nikamuuliza, yanasemaje? Akajibu kwa nguvu ili nisikie: "Yanasema si, si, si, si."

Mdogo wangu, nilikaa kitandani. Ukiwa mwalimu wa lugha kuna mambo unayajua kama jina lako, na hukuyafikiria hata siku moja. Katika Kiswahili chetu, mtu anayejisemea mwenyewe juu ya wakati ujao, ndiyo yake na hapana yake zimetenganishwa na herufi moja. Nitakwenda, sitakwenda. Nitakula, sitakula. Yaliyobaki yote ni sawa. Ukimwondolea msikilizaji ile *s* nyembamba inayopita kati ya meno, masikio yake yatajaza pengo kwa kile anachokitarajia, na mimi nilikuwa ninatarajia mabaya. Simeo hakusema nitamwacha. Alisema *sitamwacha*.

Sasa hebu fikiri upande wake. Kijana ameulizwa, amejibu kwa moyo wote, mzee amemshika mkono akamshukuru kwa kusema kweli. Akapanda gari akijua mambo yamekwisha salama. Baada ya juma anasikia kwa Yuditha kwamba amekataliwa, tena kwa ulimi wake mwenyewe.

Jumatatu nilikwenda Mazinde. Sikutaka kutuma mtu. Nilimkuta zamuni, nikaingia mpaka kwenye korona, mahali ambapo kelele ni ya kutisha, majani ya mkonge yanaingia upande huu na nyuzi zinatoka upande ule. Aliponiona hakuacha kazi. Alinipa shikamoo, maana amelelewa, lakini uso aliufunga. Tulipotoka nje kidogo alinieleza, kwa sauti kubwa na polepole, kwamba ameomba uhamisho kwenda mashamba ya Kilosa na jibu linakuja wiki ijayo. Akasema anaweza kuvumilia kukataliwa, lakini hawezi kumwelewa mzee anayekushika mkono, akakushukuru, halafu akakuandikia uongo.

Sikubishana naye. Nilimwomba arudi nami ndani, kwenye kelele, anijibu tena swali lile lile la barabarani. Aliniangalia akadhani nimechanganyikiwa. Nikamwambia masikio yangu yamekwisha upande wa sauti nyembamba, sisikii nyenje wala matoazi, na kwamba upande wa pili wa santuri yake niliukata kila mara pale pazuri. Hapo uso ukamlegea. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia kwamba mimi ndiye wa mwisho kujua.

Kumbe Raheli, kule kwenye korona hakuna anayemsikia mwenzake. Wote wanasemezana kwa midomo, siku nzima, wanataniana, wanagombana, wanapeana habari za nyumbani, bila sauti. Ndiyo kazi yao. Simeo alisimama mbele yangu, taa ikimpiga usoni, akasubiri mpaka nimemtazama sawasawa. Nikauliza swali langu. Mwenzake mmoja, mwanamke mfagiaji, aliacha ufagio kutazama jibu.

Ulimi ukitamka *ni*, meno yanaachana. Ukitamka *si*, yanakutana na kuonekana. Hilo niliwafundisha watoto wa darasa la kwanza kwa miaka na miaka, kwa kioo. Meno ya Simeo yalikutana. Yule mfagiaji akacheka, akampiga begani.

Sikulisikia, Raheli. Nililiona.

Basi, neno langu la kwanza nalifuta, na ruhusa yangu naitoa kwa mwandiko huu. Yuditha amwandikie leo hii, asingoje posta, ampe Chausiku, ambaye anarudi huku na gari la Alhamisi, ili barua ya Kilosa ikija imkute Simeo ana sababu ya kuikataa. Ndugu za shemeji nitawaeleza mimi. Aibu ni yangu, nitaibeba mwenyewe.

Kuhusu masikio, nilipita hospitali Korogwe nikirudi. Mganga alichungulia, akasema hakuna nta wala usaha, ni umri tu, na dawa hakuna. Nimeudhika, sitasema nimeridhika. Naudhika kwamba nyenje wapo na mimi ndiye niliyehama. Naudhika kwamba niliwakemea watu wa kijiji kizima kwa kumumunya. Katika kisomo sasa nimemwomba Bi Mwaija akae dawati la mbele, awe ananinyoshea kidole mtu akisema kwa sauti nyembamba, naye anaifanya kazi hiyo kwa furaha iliyozidi.

Santuri bado ninayo, Simeo amekataa kuichukua mpaka siku ya harusi. Naisikiliza nikiwa nimeweka kiganja juu ya sanduku la gramafoni. Pale pa kimya siinui sindano tena. Grasiana ananigongea mkononi, nangoja, na wale vijana wanarudi kila mara.

Msalimie Yuditha, mwambie mjomba wake anamwomba radhi, atakuja kumwomba kwa kinywa. Wasalimie majirani zako wote hapo Chanika. Ukija huku usinisemeshe ukiwa umeinamia sufuria, nitazame.

Na lile swali lako ulilolipigia mstari, ambalo sikulijibu kwa sababu ya kiburi, jibu lake ni hili: hapana, sikusikia vizuri.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Kaleb Mdoe